Chai ya chumvi: uchambuzi wa kisa cha kujifunza mazingira nyumbani, ghuba ya Mikindani, 2020

Kabla ya kisa

Kisa hiki ni cha nyumba moja iliyo kando ya ghuba ya Mikindani, mkoani Mtwara, kati ya Machi na Julai 2020. Majina nimeyaondoa na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Watoto watatu wa nyumba hiyo nitawaita Dada (darasa la saba), Kaka (darasa la tano) na Kitinda (darasa la tatu). Wengine ni Mama, Baba na Bibi, mzaa baba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa klabu ya mazingira ya shule. Sikuwa mtazamaji. Nilikuwamo ndani ya kisa tangu mwanzo, na makosa mawili makubwa utakayoyakuta humu ni yangu. Ninawaandikia walimu, walezi na wazazi wanaotaka kuwafundisha watoto kuyapenda mazingira wakiwa nyumbani, hasa wale ambao, kama mimi, huanza kwa kutafuta karatasi ya maelekezo.

Nyumba yenyewe

Nyumba iko kwenye mteremko, hatua kama mia mbili kutoka ufukweni. Nyuma kuna mikorosho mitatu na mwembe mmoja. Chini, karibu na barabara ya kwenda pwani, kuna kisima kifupi kinachotumiwa na kaya tano. Mama anakaanga samaki na kuuza jioni. Baba ana shamba la mikorosho upande wa Tandahimba, hurudi nyumbani siku moja au mbili kwa wiki. Bibi ameokota chaza na kuchokoa pweza kwenye ghuba hiyo tangu alipokuwa mwari. Magoti yameanza kumkatalia, lakini jicho la bahari bado analo.

Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya corona. Vipindi vya masomo vilikuwepo redioni na kwenye televisheni, ila nyumba hii haina televisheni, na simu kubwa ni moja, ya Baba, ambayo wiki nzima iko shambani pamoja naye. Wiki ya pili Mama alinipigia.

"Mwalimu, shikamoo. Hawa watoto wamenishinda. Nitafutie cha kuwashika."

Tulikuwa tunaepuka kukaribiana. Siku nilipokwenda nilinawa kwenye ndoo ya maji tiririka iliyowekwa mlangoni, nikakaa mwisho wa baraza, Bibi akakaa mwisho wa pili. Tulizungumza kwa kupaza sauti kama watu wa mitumbwi miwili.

Karatasi yangu

Nilikuja na karatasi yenye kazi kumi na mbili. Nilizinakili kutoka kwenye kijitabu cha shughuli za watoto kilichotungwa mbali na huku, nikazitafsiri harakaharaka nikitaka kuonekana nimejiandaa. Aprili 22 ilikuwa inakaribia, Siku ya Dunia, iliyoanza Marekani mwaka 1970 na sasa ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Nikaona nyumba hii isipitwe.

Kazi ya kwanza ilihitaji trei za mayai za karatasi. Hapa mayai hununuliwa mawili mawili, kwenye mfuko wa nailoni. Ya pili ilihitaji majani ya miti inayobadili rangi kwa baridi. Ya tatu ilikuwa kutundika chupa yenye nafaka ili ndege wa bustanini waje wale. Hii waliiweza. Kaka alikata chupa ya maji, akajaza pumba na chenga za mahindi, akaitundika kwenye mwembe. Siku ya kwanza walikuja shomoro, siku ya pili kunguru. Siku ya tatu kunguru walishaizoea nyumba, wakashuka chini na kuondoka na vifaranga viwili vya Mama. Mama hakunilaumu kwa maneno. Alinitumia ujumbe wenye maneno matatu tu: "Mwalimu, chupa tumeitoa."

Nilipokwenda mara ya pili, karatasi ilikuwa imefungiwa karanga. Kazi zilizokuwa zimefanyika ni tatu, na hakuna mtoto aliyeweza kunieleza alichojifunza, isipokuwa Kitinda aliyesema kunguru ni mwizi.

Uamuzi wa kwanza: kuacha karatasi, kumuuliza Bibi

Siku hiyohiyo nilimuuliza Bibi swali ambalo ningelianza nalo: katika nyumba hii, ni kitu gani cha mazingira mnachokiangalia kila siku hata bila kuambiwa?

Alicheka. "Maji. Mama yao akitaka samaki, anaangalia maji. Mie nikitaka chaza, naangalia maji. Hawa wakitaka kuoga, wanaangalia maji. Kuna kingine?"

Tukakubaliana mambo matatu. Hakuna kazi itakayohitaji kununua kitu. Kila kazi iishie kwenye jambo ambalo nyumba italitumia. Na watoto hawatashuka kwenye tope la pwani bila Bibi, tena ni wakati wa kupwa tu na miguu ikiwa imevaa, kwa sababu miba ya samaki taa haichagui mwanafunzi. Sharti la pili nililiweka mimi nikidhani ni la busara ndogo tu. Ndilo lililobeba kisa chote.

Kijiti cha mwanzi

Kaka alikata mwanzi, akautia alama kila shubiri, akauchomeka kwenye mchanga kando ya ukuta wa mawe unaokinga barabara. Kila siku saa sita mchana alishuka kusoma maji yamefika alama ya ngapi, kisha anakuja kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, upande wa nje. Ukuta wa udongo ulipigwa chokaa zamani, ukaitikia mkaa vizuri kuliko ubao wa darasani kwangu.

Baada ya siku saba ukutani kulikuwa na namba saba zisizosema kitu. Siku moja maji yako juu, baada ya siku mbili tatu yako nusu, kisha mwanzi uko mkavu kabisa. Kaka akatoa hukumu: "Bahari haina mpango."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Unaiuliza saa ya ukutani. Bahari yenyewe inamwangalia mwezi."

Hapa nilishawishika kuingia na kueleza. Ninajua maelezo yake: mwezi huchelewa kufika mahali pake kwa kama dakika hamsini kila siku, na maji huchelewa pamoja nao, kwa hiyo anayesoma saa sita kila siku anakutana na maji yakiwa kwenye hatua tofauti ya safari yao. Nikajizuia. Nilimuuliza Kaka tu: kama huwezi kuwapo muda wote, maji yenyewe huacha alama gani ya mahali yalipofika?

Alijibu Kitinda. Yanaacha mwani na vijiti kwa mstari. Kuanzia hapo wakaacha kusoma saa, wakawa wanapima mstari wa takataka uliachwa wapi, kwa hatua za Kitinda kutoka ukutani. Na kwenye ukuta wa jikoni, badala ya tarehe peke yake, wakaanza kuandika mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Ramadhani ilikuwa imeandama mwishoni mwa Aprili, hivyo hesabu ya mwezi ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kuitunza.

Baada ya wiki tatu ukuta ukaanza kusema. Mwezi mosi hadi mwezi tatu mstari uko juu kabisa karibu na mawe. Mwezi nane, tisa, uko chini, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mwezi kumi na tano, usiku wa mbalamwezi, uko juu tena. Bamvua, yaani maji makubwa, mara mbili; maji mafu, yaani maji madogo, mara mbili. Bibi ana majina haya tangu utoto, watoto wanayasikia kila wiki, lakini ilikuwa mara ya kwanza wameyaona yakiwa yamepangana mbele yao kama shanga.

Kisha wakafanya jambo ambalo sikulipendekeza mimi. Walitabiri. Kaka alichora msalaba kwenye jiwe la tatu la ukuta wa barabara, akasema Idi ikiandama, maji yatafika hapa. Idi ilikuwa Mei 24. Jioni yake, kuelekea saa kumi, nyumba nzima ilikwenda kuangalia ikiwa imevaa nguo za sikukuu. Maji yalifika jiwe la pili na kuulowesha msalaba wa la tatu kwa mawimbi. Kaka akadai ameshinda. Dada akasema mawimbi hayahesabiki. Ubishi ule ulidumu hadi usiku. Sijawahi kuona somo la sayansi likibishaniwa hivyo darasani.

Maji moto

Mikorosho miwili kati ya mitatu ya nyuma ya nyumba ilikuwa na viota vya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Baba aliporudi kutoka shambani alitaka kuvichoma, maana Kitinda alikuwa amepanda mkorosho na kushuka analia. Mama aliomba asubiri, kwa sababu watoto walikuwa wanavitazama.

Walichokitazama ni hiki. Maji moto wanapotaka kuunganisha majani, hujipanga mstari na kuyavuta kingo kwa kingo, kisha wengine huja na mabuu yao mdomoni na kuyapitisha huku na huku. Buu hutoa uzi, na uzi hushona. Kitinda ndiye aliyegundua kwamba "wanatumia watoto wao kama sindano". Alilala kifudifudi kwenye tawi la mwembe unaogusana na mkorosho, kidevu kwenye kiganja, akawatazama toka asubuhi hadi alipoitwa mara ya tatu. Kwenye daftari lake aliandika mistari miwili na kuchora sindano yenye macho.

Baba aliposikia akakumbuka kitu. Kwenye shamba darasa bwana shamba aliwahi kuwaambia kwamba maji moto huwafukuza mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi mpaka yanakauka na kuwa meusi. Hakuwahi kuamini sana. Nikashauri wahesabu: kwenye kila mti, kati ya machipukizi hamsini, mangapi yameungua? Miti miwili yenye viota ilitoa machipukizi manne na saba. Mti usio na kiota ulitoa kumi na tisa.

Baba alifurahi kuliko watoto, akataka nimwandikie ushahidi awaonyeshe wenzake. Nilikataa, na uamuzi huo bado naona ulikuwa sahihi. Miti ni mitatu tu. Ule usio na kiota uko karibu na jiko, unapata moshi na kivuli cha mwembe, pengine ni mbegu tofauti pia. Kwamba maji moto huwinda wadudu hao ni jambo linalojulikana na watafiti wa korosho. Lakini ukuta wa jikoni wa nyumba moja hauwezi kulithibitisha, na mtoto akijifunza mapema kuliona pengo hilo amepata kitu kikubwa kuliko jibu. Viota vilibaki. Baba alikubaliana na maji moto kwa sharti lake mwenyewe: waache njia ya chooni.

Kosa la pili: Siku ya Mazingira

Juni 5 ni Siku ya Mazingira Duniani. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, kichwa kikaanza kuvimba. Ofisi moja ilikuwa imeomba walezi wa klabu watume picha za namna watoto wanavyoiadhimisha siku hiyo wakiwa majumbani. Nikaona picha nzuri kuliko zote itakuwa ya mikoko: watoto watatu, ghuba nyuma yao, vipando kwenye mistari iliyonyooka.

Nilipata ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa. Tukaokota mbegu sitini za mkoko, zile ndefu kama kalamu ya risasi iliyonenepa, ambazo huchipua zingali juu ya mti mama na kudondoka zikiwa tayari kusimama. Nikachagua sehemu ya wazi ya ufukwe, mchanga mtupu, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

Bibi aliposhuka akaangalia mahali pale, akaniangalia mimi. "Mwalimu, hapo hata mlilana umeshindwa."

Maneno haya yana elimu ambayo mimi niliisomea na sikuitumia. Mikoko haioti ovyo. Mlilana ndio hukaa mbele ukiikabili bahari. Mkoko wenye mizizi ya kutambaa hewani unataka tope la kingo za vijito. Mkandaa na mchu huweza kukaa nyuma zaidi, na mchu ukiulamba jani utaonja chumvi unayoitoa mwilini. Kama mahali pamebaki wazi miaka yote huku miti inadondosha mbegu kila msimu, pana sababu. Nilimjibu Bibi kwa adabu kwamba tutajaribu. Maana yake ilikuwa kwamba nataka picha.

Kuna ubaya zaidi. Juni 5 mwaka ule iliangukia mwezi mpevu. Ukutani jikoni, kwa mkaa, kwa mkono wa Kaka, kulikuwa kumeandikwa kwamba siku hizo ni bamvua. Asubuhi tulipopanda, kuelekea saa nne, bahari ilikuwa imekwenda mbali sana, ndiyo maana ufukwe ulionekana mpana na mzuri. Jioni ilirudi kwa kiasi hichohicho. Kaka aliniambia njiani, "Mwalimu, maji ya leo makubwa," nikamjibu ndiyo mwanangu, shika ndoo.

Picha ilitoka nzuri na ilisifiwa. Baada ya siku tatu vipando vilivyosimama vilikuwa ishirini na viwili. Mwisho wa Julai vilibaki saba, na sita kati ya hivyo havikuwa kwenye mistari yangu. Kitinda alichoka kupigwa picha, akachukua mbegu tisa akaenda kuzichomeka nyuma ya mikoko mikubwa, kwenye mdomo wa kijito, kwenye tope. Nilipomuuliza kwa nini pale, alisema pale zilikuwa zimeota nyingine.

Daftari la Dada

Mpaka mwisho wa Juni nilikuwa ninamhesabu Dada kama mshiriki aliyeshindwa. Kwenye ukuta wa mkaa jina lake halionekani baada ya wiki ya pili. Mwandamo wa maji ulipimwa na Kaka na Kitinda. Kwenye machipukizi alihesabu mti mmoja akaitwa jikoni. Alikuwa na mtihani wa darasa la saba mbele yake, na shule ilipofungwa, kazi za nyumbani hazikugawanywa upya: alichota maji asubuhi na jioni, alisaidia kukwangua samaki, alipika futari mwezi mzima. Niliandika kwenye kumbukumbu zangu, "Dada hana mwamko." Neno hilo nimeliacha hapa lionekane.

Juni 28, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, nilikwenda kukusanya madaftari. Mama akaleta chai. Ilikuwa na ladha ya chumvi kwa mbali. Nikadhani ni mimi. Mama akasema, bila kuona aibu, "Samahani Mwalimu, kisima kimeanza tena. Siku nyingine chai inakataa, maharage yanakaa jikoni mpaka mkaa unaisha."

Dada alikuwa anapita na ndoo. Akasema, "Si siku nyingine. Ni bamvua."

Kimya. Mama akageuka. Dada akaenda ndani akaleta daftari, lile la Mama la madeni ya samaki, ambalo yeye Dada ndiye huliandika. Pembeni mwa majina ya wadaiwa, kwa wiki sita, kulikuwa na alama ndogo: "ch" siku maji ya kisima yalipokuwa na chumvi, na "k" siku yalipokuwa kawaida. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anachoka kurudishwa kisimani kuchota upya Mama akionja chai na kuikataa, akataka kujua siku ya kurudishwa. Tukaweka daftari la madeni kando ya ukuta wa mkaa. "Ch" nyingi zilikaa kwenye mwezi mosi hadi nne na kumi na tano hadi kumi na nane. Kwenye maji mafu zilikuwa mbili tu.

Kuna maelezo yanayoeleweka. Ardhi ya pwani maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Bahari inapopanda, maji ya chini ya ardhi karibu na ufuko nayo huinuka, na kisima kinachochotwa na kaya tano huivuta chumvi juu. Hata hivyo, mvua za Mtwara hukoma kuelekea Mei, na "ch" za Dada ziliongezeka kadiri kiangazi kilivyoingia, kwa hiyo ukame nao ulikuwa na mkono wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema hilo kwanza: "Mwezi uliopita bamvua ilikuwa ndogo ya chumvi."

Matokeo

Shule zilifunguliwa Juni 29. Nyumba ilibadilisha mambo mawili. Maji ya kupikia maharage na chai wanachota siku za maji mafu na kuyahifadhi kwenye mapipa mawili, na siku za bamvua wanachota wakati bahari imekupwa. Sikupima kama chumvi hupungua kweli kwa kufanya hivyo. Mama anasema mkaa unapungua, na hesabu ya mkaa huwa haikosei. Jambo la pili ni mgawanyo wa kazi: Kaka huchota maji ya jioni. Hilo halikuja kwa mahubiri yangu. Bibi alisema anayejua mwezi ndiye achote.

Viota vya maji moto vilidumu msimu wote. Kwenye mistari yangu ulibaki mkoko mmoja tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilianzia kwenye swali ambalo nyumba ilikuwa nalo kabla sijafika. Maji yanajaa lini, kwa nini machipukizi yanaungua, kwa nini chai imekataa. Katika kila moja kuna mtu aliyekuwa anapoteza kitu: kitoweo, korosho, mkaa. Karatasi yangu ya kazi kumi na mbili haikuwa na swali la mtu yeyote. Ilikuwa na majibu ya mbali yanayotafuta nyumba ya kuingia. Watoto waliifanya kwa heshima ya mwalimu, na heshima ilikwisha siku ya tatu pamoja na vifaranga.

Bibi alikuwa nguzo, lakini nisimgeuze kuwa kamusi. Aliyajua majina na nyakati. Hakuwahi kuunganisha bamvua na kisima, kwa sababu enzi zake wanywaji wa kisima kile walikuwa kaya moja na chumvi haikuwapo. Elimu ya wazee wetu ni ya mazingira waliyoishi wao. Mtoto akiiandika chini na kuilinganisha na ya leo, ndipo inapoendelea kukua. Hapo ndipo ukuta wa mkaa ulisaidia: ulifanya maneno ya Bibi yaweze kubishiwa, na Bibi mwenyewe alifurahia kubishiwa.

Kujizuia kueleza kulilipa mara moja, kwenye mwanzi. Ningeeleza habari ya dakika hamsini siku ile, Kaka angeikariri. Aliposhindwa wiki nzima kwanza, mstari wa takataka ulikuwa mali yake.

Kupanda mikoko ni kosa ninalolirudia kichwani. Watu hudhani tatizo lilikuwa mahali pabaya, na ni kweli, lakini chanzo ni kwamba nilibadilisha mtazamaji. Kazi zote za awali zilitazamwa na nyumba. Hii ilitazamwa na ofisi. Mara tu mtazamaji alipobadilika, niliacha kumsikia Bibi, nikaacha kusoma ukuta ambao nilikuwa nimewasifia watoto kwa kuuandika. Sherehe ya Juni 5 ingeweza kuwa kwenda kwa Kitinda kijitoni kuona zilizoota zenyewe ziko ngapi. Isingetoa picha.

Na Dada. Nilipanga shughuli kwa saa za mtoto aliye huru mchana, halafu nikamwita asiye huru kuwa hana mwamko. Mtoto wa kike anayechota maji mara mbili kwa siku yuko karibu na mazingira kuliko yeyote katika kisa hiki, na kituo chake cha utafiti kilikuwa kisimani, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga katika ziara sita. Ningemuuliza wiki ya kwanza "wewe unaangalia nini kila siku?", swali lilelile nililomuuliza Bibi, tungelikuwa na miezi mitatu ya alama badala ya wiki sita. Siku hizi kwenye klabu yangu fomu ya kwanza haina orodha ya shughuli. Ina mstari mmoja: kazi zako za nyumbani ni zipi?

Nyongeza ya Mei 2024

Ijumaa ya Mei 3, 2024, siku moja kabla kimbunga Hidaya hakijafika Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari kwa mikoa ya pwani, na Mtwara upepo ulikuwa umeanza. Simu iliita. Kaka, sasa ni wa sekondari, sauti imekwisha kuwa nzito.

"Mwalimu, shikamoo. Nimehesabu. Leo mwezi ishirini na nne. Kinatukuta maji mafu, bahari haitapanda sana."

Nikamuuliza Bibi anasemaje. Nikasikia anauliza upande wa pili, na sauti ya Bibi ikijibu kwa mbali, kisha Kaka akarudi kwenye simu akicheka.

"Anasema hesabu nzuri. Na anasema niache simu, twende tukavute mitumbwi juu ya barabara."